Kompyuta ya steshenari inaniambia Windows 10 inaisha Oktoba, nifanyeje wakuu? (mjadala wa mwaka 2025)

dada_wa_ngarenaro

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nina kasteshenari kadogo hapa Ngarenaro, kompyuta mbili tu, moja ni desktop HP Compaq Elite 8300 nilinunua mtumba, nyingine laptop ThinkPad T480 ya mdogo wangu aliniachia alivyohamia Dodoma. Sasa hiyo laptop tangu wiki iliyopita ukiiwasha asubuhi inaleta tangazo skrini nzima kwamba sapoti ya Windows 10 inaisha tarehe 14 Oktoba 2025, nikabonyeza pale pa kunikumbusha baadae, baada ya siku mbili limerudi tena. Kuna kijana mteja wangu anakuja kuprinti mambo yake ya chuo akaniambia dada hiyo siku ikifika kompyuta zote za Windows 10 zinazima, haziwaki tena, anza kutafuta mpya. Mtoto wa kaka yangu yeye anasema hizo ni mbinu za kuuza kompyuta tu nipige kazi. Nimsikilize nani sasa? Hii kompyuta ndo ugali wangu jamani, fotokopi, paspoti saizi, maombi ya mkopo wa chuo, na kusema ukweli kinacholipa pango ni kadi za michango ya harusi, nazitengeneza kwa Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kadi. Ile desktop haijaleta tangazo lolote, ina maana yenyewe iko salama? Hela ya mpya sina, ndo kwanza nimetoka kulipa ada za watoto.

fundi_mbuyuni

Marahaba dada. Huyo mteja wako kakutisha bure, haizimiki. Tarehe 15 utaiwasha kama kawaida, utaprinti, utakula ugali wako. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft wanatoa apdeti za kuziba matundu yaliyogundulika kwenye Windows, sasa kuanzia hapo Windows 10 haitazibwa tena lakini Windows 11 itaendelea kuzibwa, na hizi mbili kwa ndani zinafanana sana. Hapo ndo pabaya. Chukulia nyumba mbili za ramani moja, jirani anabadilisha kitasa cha mlango wa nyuma na anatangaza mtaa mzima kwamba kile cha zamani kilikuwa kinafunguka kwa kijiti. Wewe wa kwako ni kilekile. Mwizi hana haja ya kubuni kitu, anasoma tangazo la jirani anakuja kwako.

Na mtoto wa kaka mwambie hivi, Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivyosambaa dunia nzima mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha kutibu watu, dawa yake ilikuwa imeshatolewa Machi mwaka huohuo. Waliolia zaidi ni ambao hawakuapdeti.

Ila hiyo desktop isiyoleta tangazo ndo inanitia wasiwasi kuliko laptop. Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika winver, piga enta, uniambie imeandika vesheni gani. Fanya kwenye zote mbili.

chalii_wa_sakina

Oya mbona simpo tu, chukua flashi ya GB 8 kwenda juu, tengeneza Windows 11 kwa programu ya Rufus, kuna sehemu unatiki inaruka masharti yote ya TPM (ile chipu ya usalama) na RAM, unapiga window hata kwenye hiyo HP ya zamani. Mi nimeshapiga kama sita hivi zinapeta tu

fundi_mbuyuni

Chalii inaingia sikatai, hata mi nimewahi. Lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti hawaihakikishii apdeti, na tatizo la huyu dada ni apdeti hizohizo. Kwako wewe ukiharibu unapiga upya jioni unacheza gemu. Yeye ikigoma Ijumaa kuna kamati ya harusi ya watu arobaini inasubiri kadi.

dada_wa_ngarenaro

Nimeangalia fundi. Laptop imeandika 22H2. Desktop imeandika 1909. Ndo nini hiyo, mwaka? 😅 Na niseme tu ukweli, kijana aliyenipigia window kwenye desktop alizima apdeti kabisa maana zilikuwa zinakula bando, nilikuwa naunga la wiki linaisha siku mbili. Na window yenyewe nadhani ni ya kukraki, alikuja nayo kwenye flashi yake.

fundi_mbuyuni

Nilijua tu. Dada hiyo 1909 ni toleo la mwisho wa mwaka 2019, na kwa Home na Pro lilifikia mwisho wa sapoti Mei 2021. Yaani wewe unaogopa Oktoba wakati desktop yako ilishaachwa miaka minne iliyopita na hujaambiwa, kwa sababu kilichokuwa kikuambie kilizimwa. Sikulaumu, hapa Moshi kati ya mashine kumi za steshenari zinazoletwa kwangu kupulizwa vumbi, nyingi nazikuta hivyohivyo. Bando ni hela.

Na hizo kraki za flashi ya mtu, nyingine zinakuja na mgeni ndani, kwanza ili ufanye kraki unaambiwa zima antivairasi. Hebu jibu swali moja, wateja wakikuletea flashi, huwa unaona mafolda yamegeuka shotikati za KB 1, ukifungua hazina kitu?

dada_wa_ngarenaro

Kila siku! Nilidhani flashi zao ndo mbovu. Juzi mwalimu mmoja kaleta mtihani wa darasa la saba nimeprinti vizuri, kaenda nao nyumbani kanipigia simu saa mbili usiku analia mafaili yote yamekuwa shotikati. Nikamwambia mwalimu labda ni flashi ya kichina. Mungu anisamehe, kumbe ni mimi

mwalimu_usa_river

Sio mimi huyo mwalimu lakini yamenikuta 😂 Dada mwambie mafaili hayajapotea, yamefichwa tu, afungue flashi kwenye kompyuta safi, aruhusu kuonyesha mafaili yaliyofichwa, atayakuta, ila asibonyeze zile shotikati.

Mimi nina HP ya umri kama wa hiyo yako nyumbani, nilihamia Linux Mint mwaka jana, ni mfumo unaokaa badala ya Windows, bure, haitaki kukraki, na hivyo virusi vya shotikati vimetengenezwa kwa ajili ya Windows kwa hiyo kwenye Mint naviona vimekaa tu kwenye flashi kama inzi kwenye kioo, nafuta naendelea. RAM ya GB 4 inatosha. Kwa vyeti, barua na fomu za mtandaoni huwezi kukwama, LibreOffice ipo, ni kama Office ila ya bure, na brauza ni zilezile. Lakini sitakudanganya, printa yangu ya kwanza ilinisumbua siku mbili nzima kutafuta draiva, na hiyo Publisher haipo. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya pub lakini inavyoyapanga... kadi ya send-off ya binamu yangu ilifunguka jina la bibi harusi liko juu ya namba ya simu ya mweka hazina. Kwa hiyo kwa kazi yako ya kadi usihamie kwa kishindo.

fundi_mbuyuni

Mwalimu kasema kweli. Na ya Publisher dada bora uambiwe mapema, Microsoft walishatangaza wanaiachisha kabisa Oktoba 2026, hata wanaolipia. Office 2016 na 2019 nazo sapoti yake inaisha siku hiyohiyo ya tarehe 14.

Mi ningekuwa wewe ningefanya hivi. T480 nyingi zina prosesa za jenereshoni ya 8 na TPM 2.0, hiyo inakubali Windows 11 bila ujanja na bila hela. Andika tpm.msc pale pale ulipoandika winver uhakikishe, kisha ingia kwenye setingi za Windows Update uiache ishuke usiku kwa bando la usiku maana ni GB kadhaa, chaji iwe imechomekwa, usije ukaiamini betri na umeme wetu huu. Mambo yote ya mtandao yahamie huko, mikopo ya chuo, barua pepe za wateja, namba za NIDA. Desktop ina jenereshoni ya 3, Windows 11 ya halali hapo sahau. Ichomoe intaneti. Sitanii, chomoa waya, futa nywila ya wifi. Ibaki kuwa mashine ya Publisher na printa, na flashi ya mteja isiiguse, ipite kwanza kwenye laptop, iskaniwe.

Kuna na ile ya kuongezewa muda, wanaiita ESU, unapewa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa mtu binafsi ni dola 30 au bure ukikubali kuhifadhi setingi zako kwenye akaunti ya Microsoft. Lakini inataka toleo la 22H2 kama la laptop yako, na kwa utaratibu wao mashine ya biashara ni dola 61 mwaka wa kwanza halafu inadabo. Kwa HP ya mtumba mimi siioni faida.

mzee_wa_alaimenti

Mnahangaika na 10, hapa gereji Unga Limited mashine ya kupima alaimenti inaendeshwa na Windows XP ya kizamani mpaka leo na inapiga kazi. Haijawahi kuona intaneti tangu izaliwe. Siku moja tu dogo alichomeka flashi ya miziki, tulikaa siku nne magari yanapanga foleni. Sasa hivi matundu yote ya USB nimeyaziba na supaglu.

chalii_wa_sakina

Supaglu mzee 😂😂😂 ila fundi umeshinda, narudisha maneno

mwalimu_usa_river

Kabla hujagusa chochote dada fanya bekapu, diski ya nje, sio flashi. Na kwenye desktop tafuta folda la skani. Wengi wa steshenari wanaacha vyeti na vitambulisho vya watu humo miaka. Futa, hivyo sio vyako.

dada_wa_ngarenaro

Mwalimu nimelikuta, lina watu mpaka wa 2021, kuna hati ya kiwanja ya mzee mmoja alishafariki. Nimekaa nafuta kuanzia saa nane. Laptop tpm imeandika 2.0, leo usiku naishusha Windows 11. Desktop waya nimechomoa, mtoto wa kaka kanuna maana alikuwa anaangalia mpira humo. Mwalimu wa shotikati nimempigia nikamwomba radhi, kesho analeta flashi.

Fundi aika sana, asante. Swali la mwisho, nina mafaili ya pub kama mia nne, nimeambiwa niyageuze PDF kabla Publisher haijafa, kuna njia ya kugeuza yote kwa mkupuo?

fundi_mbuyuni

Ipo ya kuandika makro, yaani kijiprogramu cha kufanya kazi hiyo chenyewe, ila kwako itakuwa kesi nyingine. Moja moja dada. Anza na za harusi ambazo hazijafungwa.