Mjadala: Serikali ikiboresha mtaa wa watu wa kipato cha chini, anayefaidika ni mkazi au mwenye ardhi?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu, naleta hii tuijadili kwa hoja maana serikali nyingi duniani zinamwaga hela za walipakodi kwenye mitaa iliyoachwa nyuma, taa, mitaro, lami, viwanja vya watoto, kukarabati maghorofa, na siku ya uzinduzi kila mtu anapiga makofi. Mimi sipingi hizo hela, nataka ziendelee tena ziongezwe. Ninachosema ni kwamba kabla mradi haujaanza, mpangaji aliyepo pale awe ameshalindwa kisheria, kodi isipandishwe kiholela, na kama nyumba inabomolewa basi apewe haki ya kurudi kwa maandishi. Bila hivyo tunaboresha ardhi tu, watu tunawafukuza.

Angalieni inavyokwenda. Mtaro ulikuwa unafurika kila mvua ikinyesha na njia haipitiki usiku, ndiyo maana kodi ilikuwa ya chini na ndiyo maana mama anayefua nguo za watu aliweza kupanga pale na wanawe. Mradi unakuja, mtaro unafunikwa, taa zinawaka, basi linaanza kufika. Mwenye nyumba hajapaka hata rangi lakini anagonga mlango na kodi mpya, ukishindwa hama, wapo wanaosubiri kuingia. Yule mama anaenda kutafuta mtaa mwingine wa mtaro unaofurika, halafu ripoti ya mradi inasema kipato cha wastani cha mtaa kimepanda. Kimepanda kwa sababu watu wamebadilishwa!

Mfano mkubwa ni Marekani, mpango wa HOPE VI ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakabomoa maghorofa ya nyumba za umma yaliyochakaa, wakajenga nyumba za watu wa vipato mchanganyiko. Nyumba zilipendeza, hilo sibishi. Lakini muongo huohuo Bunge lao likaondoa sharti kwamba kila nyumba ya umma inayobomolewa lazima ijengwe nyingine badala yake, kwa hiyo nyumba za wenye hali ya chini zikapungua na wengi waliotolewa hawakurudi tena. Mtaa wa nyumba za umma wa Cabrini-Green kule Chicago, ghorofa refu la mwisho lilibomolewa 2011, na ardhi ile ipo karibu kabisa na katikati ya jiji, sasa jiulizeni nani alikuwa anaitamani.

Mchangiaji:
Mkuu mada nzuri ila nakupinga kwenye msingi wenyewe. Kwa nini hela iende kwenye mtaa wakati mwenye shida ni mtu? Mpeni mtu ahame. Marekani haohao kati ya 1994 na 1998 walifanya jaribio la Moving to Opportunity kwenye miji mitano ikiwemo Baltimore na New York, familia zikachaguliwa kwa bahati nasibu, baadhi zikapewa vocha ya kulipia kodi ya nyumba wahamie mitaa yenye umaskini mdogo. Mchumi Raj Chetty na wenzake walipofuatilia baadaye wakakuta watoto waliohama kabla ya kufika miaka 13 walikuja kuwa na kipato zaidi kwa asilimia 31 hivi. Ni taa gani ya barabarani imewahi kufanya hivyo? Uingereza nao walitumia kama pauni bilioni 2 kwenye mitaa 39 kupitia mpango wa kuboresha mitaa wa New Deal for Communities ulioanza 1998, tathmini ikaonyesha mtaa ndio uliobadilika zaidi, watu kwenye ajira na elimu kidogo sana.

Mleta mada:
Nashukuru ndugu kwa kuja na data, ila malizia na upande wa pili wa utafiti huohuo. Waliohama wakiwa wameshavuka miaka 13 hawakupata faida hiyo, na wazazi wao kipato hakikupanda japo afya ya akili ilikuwa nzuri zaidi. Halafu karibu nusu tu ya familia zilizopewa ile vocha yenye masharti ndizo zilizofanikiwa kuhama nayo. Sasa hiyo nusu nyingine pamoja na wote ambao hawakuchaguliwa, mtaro wao tuuache ufurike? Vocha sikatai, ila haiwezi kuwa sababu ya kutelekeza mtaa mzima wenye watu.

Mchangiaji mwingine:
Mimi naona dawa ni kuchanganya watu, umaskini ukijikusanya sehemu moja unazaana. Denmark 2018 walipitisha sheria, mitaa iliyo kwa muda mrefu kwenye orodha yao ya mitaa yenye matatizo lazima ipunguze nyumba za kijamii za familia, yaani zile za kupanga kwa bei nafuu, hadi asilimia 40 ya nyumba zote ifikapo 2030. Hiyo ndiyo serikali yenye maamuzi.

Mleta mada:
Hapo hapana kaka, hapo kabisa hapana. Orodha yenyewe inaangalia ajira, elimu, kipato na uhalifu, sawa, lakini pia inahesabu wakazi wangapi asili yao ni nchi zinazoitwa zisizo za Magharibi. Yaani mitaa miwili yenye shida zilezile, mmoja unabomolewa au unauzwa na mwingine unaachwa, tofauti ni wazazi wa wakazi wametoka wapi. Huko ni kumwadhibu mtu kwa asili yake, usiniambie ni maendeleo.

Mimi afadhali mfano wa Ujerumani. Mpango wao wa kuboresha mitaa iliyoachwa nyuma, Soziale Stadt, ulianza 1999 na tangu 2020 unaendelea kwa jina jingine, hela inachangiwa na serikali kuu, majimbo na manispaa, na Berlin wakaanzisha mabaraza ya wakazi wanaokaa kujadili miradi gani ya mtaa ipewe hela. Tena kuna maeneo ya miji ambayo sheria inazuia ukarabati wa kifahari usio na kibali, ule wa kumng'oa mpangaji kijanja. Haujamaliza tatizo, kodi za Berlin zimepanda sana hata hivyo, lakini angalau chombo cha kisheria kipo.

Na hayo mabaraza yawe ya kweli jamani. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi watakuja wenye nyumba na wastaafu, dobi hayupo, mlinzi wa usiku amelala, halafu muhtasari unaandikwa wananchi wameshirikishwa. Wekeni jioni, wekeni na sehemu ya watoto.

Mchangiaji:
Sawa mkuu, ila ukibana kodi mwenye nyumba ataacha kukarabati, nyumba itaoza mpangaji akiwa ndani.

Mleta mada:
Hoja ya haki hiyo na ndiyo ngumu kuliko zote. Jibu langu ni mkataba. Mwenye nyumba anayetaka ruzuku ya ukarabati asaini kwamba kwa miaka kadhaa kodi haitavuka kiwango walichokubaliana, na mkataba uende na nyumba hata akiiuza. Asiyetaka ruzuku akarabati kwa hela yake, ila thamani iliyoongezwa na mtaro na lami ya umma itozwe kodi ya ardhi, na hiyo hela irudi kujenga nyumba za bei nafuu palepale mtaani.