Tupeane uzoefu: sensa za ekzosi kwenye magari ya dizeli, hapa Tanga

Mkazi wa Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nusura nitoe masega (chujio la masizi ndani ya ekzosi) ya gari langu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Ni pikapu ya dizeli, mtumba kutoka Japani. Taa ya injini iliwaka nikitoka Pongwe, gari likakosa nguvu kabisa. Fundi wa kwanza akapima kwa mashine, akaona namba ya kosa inataja chujio la masizi, akasema limeziba, tulikate.

Nikaomba siku moja ya kufikiri. Fundi wa pili, wa Ngamiani, akalala chini ya gari na tochi. Akanionyesha mipira miwili myembamba inayotoka kwenye bomba, mmoja kabla ya chujio, mwingine baada yake, yote inaishia kwenye sensa moja. Sensa hiyo inapima tofauti ya mgandamizo. Masizi yakijaa, mgandamizo wa mbele unapanda, na kompyuta inajua ni wakati wa kuyachoma. Mpira wangu wa mbele ulikuwa umepasuka shingoni. Sensa ikawa inasoma karibu na sifuri, kama vile chujio halipo kabisa. Kumbe kosa lilikuwa kinyume cha nilichoambiwa! Tukaweka mpira mpya unaohimili joto, tukafuta kosa, gari likarudi.

Tafadhali semeni dalili, kilichopimwa, na kilichotibu.

Dereva wa Horohoro
Mimi lori langu linatumia adiblue, kile kimiminika kinachopulizwa kwenye ekzosi kupunguza sumu ya moshi. Lina sensa mbili za oksidi za naitrojeni, ndiyo sumu yenyewe, moja kabla ya kichocheo cha adiblue (sehemu ya ekzosi inayoivunja sumu hiyo), moja baada yake. Kosa lilitaja ile ya nyuma, nikanunua mpya kwa pesa nyingi sana. Wiki ya pili kosa likarudi lilelile.

Sensa haikuwa na ubaya, ilikuwa inasema kweli kwamba sumu bado inapita. Adiblue ilikuwa imeniishia safarini, nikashauriwa nikoroge mbolea ya urea na maji ya bomba. Nisikilizeni wenzangu, msifanye. Adiblue ni urea safi asilimia 32.5 na maji yaliyoondolewa madini. Mbolea ina uchafu wake, na maji ya bomba yana chumvi zake. Tulipofungua, kipuliza kilikuwa kimeganda vitu vyeupe.

Mama wa Raskazone
Langu ni gari la kupeleka watoto shule. Safari fupi tupu, dakika kumi na kuzima. Taa ya chujio ikawa inawaka kila mara, na kilichonitisha zaidi, oili kwenye kijiti ilikuwa inapanda badala ya kushuka.

Fundi alinieleza hivi: kuyachoma masizi kunahitaji joto la nyuzi 600 hivi, na kuna sensa za joto kwenye bomba zinazoliangalia. Ili kulifikia, injini inamwaga dizeli ya ziada. Mimi nikizima katikati, kazi haimaliziki, na dizeli nyingine inateremka kwenye oili. Nilibadilisha oili. Sasa kila Jumamosi naenda Muheza na kurudi kwa mwendo usiokatika. Tangu hapo taa haijawaka.

Fundi, Barabara ya Pangani
Nyongeza kwa wa Horohoro. Sensa ile ndani ni kauri yenye vyumba viwili. Cha kwanza kinaondoa oksijeni ya kawaida, cha pili kinavunja oksidi za naitrojeni, na oksijeni inayotoka humo ndiyo inayopimwa. Inafanya kazi ikiwa ya moto sana, ndiyo maana gari likiwa baridi haiwashwi mpaka bomba likauke. Tone la maji kwenye kauri ya moto linaipasua. Na ina kiboksi chake kwenye waya, vinauzwa pamoja, msikate.

Sisi wa pwani tuanze na soketi. Chumvi ya hewa inakula pini, sensa nzima inatupwa bure.

Kuhusu kutoa masega, mimi nimekataa kazi hiyo. Masizi yale yanaingia kwenye vifua vya watoto wanaosubiri daladala.

Mkazi wa Chumbageni
Asanteni sana. Kaka wa Horohoro, vile vyeupe mlivitoa kwa kutumia nini?

Dereva wa Horohoro
Maji ya moto, tukirudia rudia. Vingi viliyeyuka. Kwenye kipuliza vilikuwa vigumu kama jiwe, nikanunua kingine.