Tupeane uzoefu: hizi apu za kuchati mwaziamini?

Habari zenu wapwani. Kwa grupu letu la chama hapa Kisauni mmoja ataka tuhame WhatsApp wote twende Telegram, ati huko ndo salama. Mimi nasita. Nyie yamewakuta yapi?

Mtoto wa Tudor: Telegram salama wapi dada. Zile chati za siri mwafungua wenyewe na ni za watu wawili tu, grupu haina, meseji zakaa kwa seva zao. WhatsApp imezifunga zote kwa kufuli, hata wao hawasomi, tangu 2016 na magrupu ndani. Tena mwasahau Telegram ilivyozimwa hapa Kenya wakati wa mtihani wa KCSE 2023? Hela za chama mngezijadilia wapi

Fundi Mwembe Tayari: Mimi natengeneza simu na naona mengi. Mtu kioo kimepasuka aniachia simu na pattern kanichorea kwa kikaratasi aenda zake Kongowea, sasa hapo hata iwe apu gani nikitaka si nasoma yote? Na saiba ndo balaa, waingia WhatsApp kwa kompyuta yao uprinti kitambulisho kisha waondoka hujatoka, anayekaa baada yako asoma mpaka ya mumeo

Bi Likoni: Shangazi yangu aliombwa zile namba 6 za sms za kufungulia WhatsApp na "mtu wa madrasa", akatoa. Jioni twaandikiwa "niaje, nitumie 2k ntarudisha". Shangazi aseme niaje?! Hapo hapo tukajua si yeye. Wekeni ile pini ya pili ya WhatsApp jamani, dakika moja tu

Wa Old Town: Ndugu yangu yuko Dubai, huko WhatsApp waandika tu, kupiga hakushiki, basi twaongea kwa apu ya Botim. Namsalimia tu. Mambo ya pesa na pasipoti siongelei humo, akirudi tutakaa kibarazani

Mtoto wa Tudor: Mimi na wakili wangu tuko apu ya Signal, wenye Signal hata wakiulizwa na korti wana tarehe uliyojiunga na siku ya mwisho uliyoingia, basi. Shida hamna watu, chama kizima hakiwezi hamia. Kaeni WhatsApp ila bakapu ya Google iwekeeni paswadi, haijifungi yenyewe

Mwenye mada: Shukran. Fundi, hiyo ya saiba naangaliaje kama nilitoka?

Fundi Mwembe Tayari: Kwa WhatsApp ya simu yako, nukta tatu juu, vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta Windows na huna kompyuta, toa