Windows 10 imefika mwisho: kompyuta za steshenari ziende 11, zibaki hapo, au Linux?

mzeewakopi
Wakuu habari za majukumu. Nina steshenari, kompyuta tatu, zote Windows 10. Ule ujumbe wa kwamba masasisho yameisha unatokea kila siku. Fundi mmoja anasema anapiga Windows 11 zote kwa siku moja. Mwingine anasema mashine hazifai, niuze ninunue nyingine. Kijana anayenisaidia dukani anataka tuweke Linux badala ya Windows. Bajeti ni laki tatu kwa zote. Kazi ni kuchapa, kuprinti, kuskani na maombi ya mtandaoni. Nishaurini ipi njia sahihi, nataka kuamua kabla ya msimu wa maombi ya mikopo maana hapo foleni inafika barabarani.

Draiva_Zote
Mkuu umetaja laki tatu lakini hujataja mashine. Tukushauri nini? Kwa kila kompyuta bonyeza Windows + R, andika `msinfo32`, utuletee mistari mitatu: Processor, System Type na BIOS Mode (namna mashine inavyowaka, Legacy ya zamani au UEFI ya kisasa). Halafu Windows + R tena, `tpm.msc` (TPM ni chipu ya usalama), chini kulia soma Specification Version. Taja na RAM, na kama diski ni HDD (ya kuzunguka) au SSD (ya kasi). Bila hivyo kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

Terminali
Jibu mbona liko wazi. Linux Mint, toleo jepesi la Xfce, mfululizo wa 22. Unapata masasisho hadi 2029, bure, haiulizi TPM wala kizazi cha prosesa. Steshenari ndiyo sehemu inayoihitaji kuliko zote, kwa sababu ya flashi za wateja. Vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati haviwezi kukimbia kwenye Linux. Unafungua flashi, unayaona mafolda halisi, unaprinti, mteja anaondoka. Kwenye Windows utashinda unaandika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` kutwa nzima.

kokoto
Nilijua Terminali hatapitisha dakika kumi 😂

Mama Risiti
Mzeewakopi, printa na fotokopi ni za aina gani? Hilo ni muhimu kuliko prosesa.

mzeewakopi
Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na wateja. Hizi hapa:

1. HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM 8, SSD 256, x64, BIOS Mode imeandika Legacy, TPM 2.0.
2. Dell OptiPlex 3020, i3-4150, RAM 4, HDD 500, System Type imeandika x86-based PC.
3. Lenovo T480, i5-8350U, RAM 8, SSD 256, x64, UEFI, TPM 2.0. Hii ndiyo ya kadi za michango na Publisher.

Printa ni Canon LBP2900 na Epson moja ya wino. Fotokopi ni Canon kubwa, inaskani inapeleka kwenye folda la ile Dell.

Draiva_Zote
Sasa tunaongea. Hizo ni kesi tatu tofauti, na ndiyo maana mafundi wako wanapingana.

T480: prosesa ya kizazi cha 8, imo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika na 11. Inapanda 11 bure kupitia Windows Update au Installation Assistant, leseni inahama yenyewe. Nakili mafaili nje kwanza, acha nafasi ya GB 30 hivi kwenye C, chomeka chaja. Ikikuudhi una siku 10 za kurudi 10 kupitia Settings, System, Recovery. Ndani ya siku hizo usifute folda la Windows.old, ndilo linalokurudisha.

840 G3: ni kizazi cha 6, haimo kwenye orodha hata kama TPM 2.0 ipo. TPM siyo kikwazo pekee, watu wengi wanachanganya hapo.

OptiPlex: hiyo x86 maana yake fundi alikupigia Windows ya biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, kwa hiyo hakuna kupanda juu, ni kufomati. Prosesa yenyewe ni ya biti 64, kwa upande huo haina shida. Na kwa biti 32 hata hiyo RAM ya 4 huioni yote, inaishia kwenye 3 na kidogo.

Kuhusu pesa: kabla ya kufikiria mfumo wowote, toa hiyo HDD kwenye Dell, weka SSD ya SATA ya inchi 2.5 na ongeza kijiti cha DDR3 cha GB 4. Kiwe cha mezani, kile kirefu. Cha laptopu hakiingii. Ukiweka Windows 11 juu ya HDD na RAM 4 utakuwa unanywa chai wakati Word inafunguka, na diski itasoma asilimia 100 kwenye Task Manager muda wote.

kokoto
G3 inapanda 11 bila shida, msimtishe mzee. Pakua ISO (faili zima la kusakinisha Windows), fungua Rufus (programu ya kuliweka kwenye flashi), flashi ya GB 8. Ukibonyeza Start inakuuliza, unaweka tiki kwenye kuondoa masharti ya RAM, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) na TPM. Ndani ya saa moja umemaliza. Kama hataki kupoteza programu, afungue ISO ndani ya Windows 10 yenyewe, aingie CMD (dirisha la amri) kama Administrator na aandike `setup.exe /product server`. Dirisha litaandika Windows Server, asishtuke, inayoingia ni Windows 11 ileile, mafaili yanabaki.

Draiva_Zote
Na mwakani? Malizia maelezo. Mashine ambayo haimo kwenye orodha inapata viraka vya kila mwezi, lakini toleo jipya la mwaka haliletewi na Windows Update. Kila toleo la Home na Pro linahudumiwa miezi 24 tu. 24H2, yaani toleo la 2024, inaishia Oktoba 2026, 25H2 la 2025 Oktoba 2027. Kwa hiyo mzee atarudia zoezi hilo kila toleo likiisha, na kila mara bando la ISO ni zaidi ya GB 5. Microsoft nao hawajaahidi kwamba njia hiyo itaendelea kufanya kazi.

kokoto
Kurudia mara moja kila baada ya miaka miwili kunamuua nani?

Biti_ya_Mwisho
Marekebisho madogo. Orodha ya Intel siyo kizazi cha 8 kwenda juu tupu, zimo chache za kizazi cha 7, mfano i7-7820HQ kwenye baadhi ya mashine na zile za mfululizo wa X. Na kuanzia 24H2 kuna ukuta ambao Rufus haiuruki: prosesa lazima iwe na maagizo ya SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo haiwaki kabisa. i3-4150 inayo, iko salama.

kokoto
Asante mwalimu.

Pwani_Kompyuta
Kwa G3 mimi ningechagua ESU, yaani masasisho ya usalama ya ziada ya Windows 10. Masharti ni Windows 10 iwe 22H2, angalia kwa `winver`. Halafu uingie kwa akaunti ya Microsoft yenye mamlaka ya msimamizi, nenda Settings, Update & Security, Windows Update, utaona kiungo cha Enroll. Unalipa dola 30, au pointi 1,000 za Rewards, au bure ukikubali Windows Backup itunze mipangilio yako. Leseni moja inabeba hadi mashine 10 za akaunti hiyo. Inafika 13 Oktoba 2026. Hapo umepata muda wa kukusanya hela ya mashine nyingine.

Biti_ya_Mwisho
Hiyo ESU ni ya matumizi binafsi. Steshenari ni biashara. Ya biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei inajirudufu mwaka unaofuata.

Pwani_Kompyuta
Haya, nenda kamkague basi.

Biti_ya_Mwisho
Simkagui mtu. Kauliza njia sahihi, namjibu masharti yanavyosema.

Mama Risiti
Mnagombania leseni, hakuna aliyemtajia BitLocker, ule usimbaji wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, na T480 yake itakutana nayo fundi akiamua kufomati badala ya kupandisha. Nieleze kesi moja ya ofisi ya uhasibu mjifunze.

Fundi alipiga 24H2 mpya. Wakati wa kusakinisha, Windows ikadai akaunti ya Microsoft, fundi akaingiza barua pepe yake ili amalize haraka. Kuanzia 24H2, ukisakinisha upya kwenye mashine yenye TPM na Secure Boot, diski inafungwa kwa usimbaji yenyewe, hata kwenye Home, na ufunguo unapelekwa kwenye akaunti iliyoingia kwanza. Hakuna onyo la maana. Mashine ikafanya kazi vizuri tu. Miezi ikapita, betri ndogo ya ubao, ile CR2032, ikafa. BIOS ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani na Secure Boot ikazimika. Asubuhi wakawasha, skrini ya bluu inadai tarakimu 48. Barua pepe ya fundi ilikuwa ya kutengeneza siku ileile, nenosiri halikumbukwi, namba ya simu aliyoisajili haipo hewani. Ukiitoa SSD na kuiweka kwenye mashine nyingine unaona diski imefungwa vilevile. Kampuni ya kuokoa data haiwezi kukusaidia hapo, usimbaji ule hauna mlango wa nyuma. Ikafomatiwa. Data za Tally, programu ya uhasibu, zilikuwa humo tu, hakuna nakala nje.

Kwa hiyo mzee, fundi akimaliza, kabla hujamlipa fungua CMD kama Administrator, andika `manage-bde -status`. Ukiona C imeandikwa Protection On, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti YAKO, ufunguo uwepo pale, uprinti, uweke kwenye droo ya risiti. Na kabla ya kugusa BIOS yoyote simamisha kwanza: `manage-bde -protectors -disable C:`. Rufus nayo ina tiki ya kuzuia usimbaji huo wa moja kwa moja.

kokoto
Hii ya barua pepe ya fundi iwekwe juu kabisa ya jukwaa.

Terminali
Kwenye Mint usimbaji unauliza, haujiwashi. Nasema tu.

WaSaiba Nakuru
Terminali, mimi naongea upande wa Kenya. Saiba haiwezi kukaa na Linux tupu. Fomu ya ritani ya KRA (mamlaka ya kodi) ni faili la Excel lenye makro (amri za ndani ya faili), unajaza, unabofya Validate, linakutengenezea zip ya kupakia kwenye mfumo wao wa iTax. Kwenye LibreOffice, ile Office ya bure inayotumika Linux, ile makro ya Excel inakufia mkononi. Na CV za wateja? Mteja analeta CV ya ukurasa mmoja iliyochorwa kwa visanduku vya Word, ukiifungua imekuwa kurasa mbili na picha imeshuka chini. Utaanza kumpangia upya bure.

Terminali
Ya KRA ipo pia ya ODS, ndiyo ya LibreOffice. Kurasa kuhama mara nyingi ni fonti. Weka `sudo apt install ttf-mscorefonts-installer fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`. Ya kwanza inaleta Times New Roman na Arial, Carlito ina upana uleule wa Calibri, Caladea wa Cambria. Mistari inakatika palepale. Visanduku nakubali, ni mtihani. Faili la kuprinti mwombe mteja alete PDF.

WaSaiba Nakuru
Mteja wa saiba alete PDF? Huyo huyo anayekuja na CV kwenye WhatsApp ikiwa picha?

Draiva_Zote
LBP2900 pia. Ile inatumia lugha ya Canon iitwayo CAPT. Kwenye Windows 11 draiva ya biti 64 inakubali. Kwenye Linux draiva ya Canon ni ya zamani, inadai maktaba za biti 32, na huduma ya `ccpd` inakwama ukizima na kuwasha printa. Ipo ya watu wa kujitolea, lakini hiyo siyo ya kuwekea foleni ya maombi ya mikopo. Epson haina tatizo, kampuni inatoa draiva za Linux.

Terminali
Basi LBP2900 ikae kwenye T480, Dell iwe Mint ya kupokelea flashi tu. Inafungua, inakagua, inahamisha kwenye folda la mtandao. Ndiyo matumizi bora ya mashine ile, na kijana wake ameshasema anaitaka.

mzeewakopi
Nimeelewa mengi, ahsanteni. Hilo la folda ndilo linanipa wasiwasi. Fotokopi inaskani kwenda kwenye Dell. Nikibadilisha Dell si itakata? Pia mtu kaniambia Publisher inaondolewa.

Biti_ya_Mwisho
Publisher mwisho wake Oktoba 2026. Ukiwa na ya kununua moja kwa moja itaendelea kufunguka, ila haitasasishwa. Ya Microsoft 365 ndiyo itakayokataa kufungua. Anza kuhamisha kadi zako kwenda PDF na Word sasa. LibreOffice Draw inafungua .pub, lakini mapambo yanahama.

Draiva_Zote
Swali zuri hilo la fotokopi, na ndilo linalowaumiza wengi. Windows 11 Pro kuanzia 24H2 inalazimisha saini kwenye SMB (njia ya kushirikisha mafolda kwenye mtandao) na hairuhusu kuingia kama mgeni bila nenosiri. Fotokopi za zamani zinaongea SMB1, toleo la kwanza la SMB, au hazina saini, kwa hiyo skani inagoma, skrini ya fotokopi inaandika kosa la kuunganisha. Fanya hivi: tengeneza mtumiaji wa ndani kwenye Dell, mwite `skani`, mpe nenosiri, mpe ruhusa ya kuandika kwenye folda lile pekee, kisha ingiza jina hilo na nenosiri kwenye kitabu cha anwani cha fotokopi. Ikigoma bado, PowerShell kama Administrator: `Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false`. Ikiwa inajua SMB1 tu usiiwashe SMB1, ni hatari kwenye mtandao wenye wateja. Skani kwenye flashi, au tumia FTP (njia nyingine ya kutuma mafaili). Namba kamili ya hiyo Canon ni ipi?

Terminali
Samba, programu ya SMB upande wa Linux, kwenye Mint inampa folda hilo bila purukushani zote hizo.

Draiva_Zote
Samba nayo imezima SMB1 tangu 4.11. Atakwama palepale.

Terminali
Inawashwa kwa mstari mmoja, `server min protocol = NT1`.

Draiva_Zote
Nimetoka kusema asiiwashe!

kokoto
Mzee, G3 nayo usisahau ipo Legacy. Kabla ya yote kagua kama diski inageuzika kwenda UEFI: `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, ikikubali rudia na `/convert` badala ya `/validate`, zima, washa huku unabonyeza F10, badilisha kwenda UEFI. Ikikataa hesabu patisheni, mara nyingi zimezidi tatu.

mzeewakopi
Kibandiko cha fotokopi kimefutika namba. Kesho mchana nitaifungua upande wa nyuma niangalie.