Osileta ya taa mbili: zote zinawaka kwa pamoja, hazipokezani

Mwanafunzi wa Majengo, Moshi

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mgeni katika elektroniki, na kwa siku tatu nimehangaika na osileta ya transista mbili ambayo inapaswa kuwasha taa mbili za LED, nyekundu na ya kijani, kwa zamu. Nimeijenga kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa bila kulehemu) kwa transista mbili za BC547, rezista mbili za omu 470 upande wa taa, rezista mbili za kilo-omu 47 zinazokwenda kwenye besi, kapasita mbili za mikrofaradi 10 na betri ya volti 9. Nikiunganisha betri, taa zote mbili zinawaka kwa pamoja, mwanga wake ukiwa hafifu kidogo, na hakuna inayozima. Nimeifumua na kuijenga upya mara nne, nikifuata mchoro kwa kidole, na matokeo ni yale yale. Vifaa nilivinunua Arusha, kwa hiyo kurudi kubadilisha kimoja kimoja ni nauli. Je, nimeziunguza transista?

Jirani wa Njiro

Kagua kwanza miguu. Ukiitazama BC547 upande wake bapa, miguu ikielekea chini, kolekta iko kushoto, besi katikati na emita kulia, wakati transista nyingine, 2N3904, ina mpangilio ulio kinyume, na michoro mingi imechorwa kwa ajili ya hiyo ya pili. Kagua pia mistari ya umeme ya pembeni, kwa kuwa katika baadhi ya bredibodi ndefu mistari hiyo imekatika katikati bila mtu kutambua.

Fundi wa Sakina

Marahaba, mdogo wangu. Aliyosema jirani yakaguliwe, ila mimi nimevutwa na neno lako "hafifu", kwa sababu transista mbili zilizokwama zikiwa zimefunguka, yaani zinapitisha umeme, zingeziwasha taa kwa nguvu zake zote. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, waya mweusi kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye besi ya kila transista, kisha utuambie inasoma nini. Vilevile utusomee kilichoandikwa kwenye kapasita zenyewe, si kilichoandikwa kwenye mchoro.

Mwanafunzi wa Majengo, Moshi

Miguu iko sawasawa na mistari haijakatika. Mita inasoma hasi 0.9 kwenye besi zote mbili, nami nilidhani imeharibika, maana sielewi betri moja inawezaje kutoa volti iliyo chini ya hasi yake yenyewe. Kapasita ni za rangi ya kahawia, ndogo kama punje ya choroko, na zimeandikwa 104. Muuzaji alisoma 10 kwenye karatasi yangu akanipa hizi, nami nilipoona zinaanza na 10 nikaridhika.

Fundi wa Sakina

Basi osileta yako ni nzima, tena inafanya kazi tangu siku ya kwanza. Namba 104 husomwa 10 ikifuatwa na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000, ambazo ni mikrofaradi 0.1, sehemu moja ya mia ya ulichohitaji, ndiyo maana taa zinapokezana upesi mno kwa jicho kutambua. Mita nayo haina kosa: transista moja inapofunguka, kolekta yake huporomoka ghafla, na kapasita iliyokwisha kujaa huisukuma besi ya mwenzake chini ya sifuri kwa volti kadhaa, kisha besi hiyo hupanda polepole mpaka zamu yake ifike. Mita inakuonyesha wastani wa kupanda na kushuka huko, na sakiti iliyokufa haiwezi kukupa hasi. Usiku zima taa za chumbani, shika bredibodi na betri yake kwa mkono mmoja, uipunge upesi kushoto na kulia.

Mwanafunzi wa Majengo, Moshi

Nimefanya hivyo sasa hivi, mdogo wangu wa kike akishuhudia. Badala ya mistari miwili mirefu tumeona vipande vifupi, chekundu kikiishia pale cha kijani kinapoanzia, kama shanga zilizotungwa. Ameniomba nirudie mara sita.

Mwalimu wa Fizikia, Arusha

Hesabu inakubaliana na shanga hizo. Kila zamu huchukua takriban 0.69 mara rezista ya besi mara kapasita. Kwa kilo-omu 47 na mikrofaradi 0.1 mzunguko mzima hujirudia kama mara 150 kwa sekunde, na jicho haliwezi kuufuata. (Sakiti hii ni kongwe kuliko transista: Henri Abraham na Eugène Bloch wa Ufaransa waliichapisha mwaka 1919 wakitumia valvu, yaani mirija ya kioo iliyofanya kazi ya transista.) Tafuta kapasita za elektroliti za mikrofaradi 10, na mguu wa chanya uelekee kolekta, kwa kuwa huko ndiko volti hupanda juu zaidi. Halafu uiache hiyo betri ya volti 9. Kwa volti hizo besi husukumwa zaidi ya volti 6 kinyumenyume, na 6 ndiyo mwisho wa BC547 kati ya emita na besi. Betri tatu za volti 1.5 zinatosha.

Mwanafunzi wa Majengo, Moshi

Kapasita nimezipata papa hapa Moshi, nimezing'oa kwenye redio mbovu ya mjomba kwa idhini yake, na sasa taa zinapokezana vizuri kwa volti 4.5. Ila kwa kanuni yako, mwalimu, nilitarajia mara 92 kwa dakika, nami nimehesabu 108 mara mbili mfululizo.

Mwalimu wa Fizikia, Arusha

Umehesabu vizuri. Kapasita za elektroliti huruhusiwa kupishana na maandishi yake kwa asilimia 20, na za redio ya zamani ndizo zisizoaminika kabisa, lakini sababu kubwa zaidi ni taa zenyewe. Kanuni ile inachukulia kwamba kolekta hupanda mpaka volti zote za betri, ilhali taa hubakiza karibu volti moja na nusu, hivyo kapasita haijai yote, besi haisukumwi chini sana, na zamu inafika mapema. Unganisha rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka kila kolekta moja kwa moja hadi chanya, sambamba na taa na rezista yake, kisha uhesabu tena: idadi itashuka.