Watatu wanaingia chuo mwaka mmoja, naanzia wapi?

Mama Pacha:
Habari za humu wapendwa, mapacha wangu wamemaliza form six na kaka yao kamaliza diploma anataka kuunganisha digrii, wote mwaka huu huu, baba yao mwalimu wa praimari mimi nina genge, mahindi tumeshauza na ada bado haifiki, aliyepitia hili anishauri jamani

Mdau wa Songea:
Hongera dada, na pole pia. Wote watatu waombe mkopo HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kila mmoja anaomba kivyake na analipia 30,000 yake, wasisubiri mpaka wapate chuo. Vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, mapema maana wengi wanakwama hapo, jina likipishana hata herufi moja na la cheti cha form four mtahangaika sana. Fomu inapigwa muhuri serikali ya mtaa, inaenda kwa wakili, ndo inarudishwa kwenye mfumo, akague kila ukurasa kabla ya kutuma

Binti Mwaka wa Pili:
Shikamoo mama. Boom, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, linaweza kuchelewa mwanzoni kwa hiyo tenga hela ya kula ya wiki za kwanza kabla hujafikiria nguo, godoro ndoo na shuka watoke navyo nyumbani. Hosteli ya chuo waiombe mapema, kupanga mtaani ni gharama. Na akikosa mkopo akate rufaa, wapo wanaopata

Mama Pacha:
Marahaba mwanangu, asanteni sana. Naanza na RITA kesho, pacha mmoja jina lake kweli limepishana