Majirani: pointi 69 kwa 69

Juma: Shikamooni wakubwa. Msimu wa 2023/24 wa Ligi Kuu Tanzania, nyuma ya bingwa Yanga, Azam kamaliza na pointi 69, Simba 69. Simba kampiga Azam 3-0 mwezi wa tano, mechi nyingine 1-1. Iweje Azam ndiye akaenda Ligi ya Mabingwa Afrika?

Mzee Shomari: Marahaba. Pointi zikilingana, msimamo wetu unatazama kwanza tofauti ya mabao, sio nani kamfunga nani. Azam kafunga 63, kafungwa 21, baki 42. Simba 59 toa 25, baki 34. Kushinda wote 21, sare 6, kupoteza 3.

Neema: Yale mabao matano Simba waliyofungwa na Yanga mwezi wa kumi na moja ndiyo yaliyowamaliza 😂

Mzee Shomari: Piga hesabu kwanza, binti yangu. 5-1 ni hasi 4. Hata wangefungwa 1-0, pengo la mabao 8 linashuka hadi 5, bado wa tatu. Dawa ilikuwa sare: wangefika 70 na mabao yasingeulizwa. Siku ya mwisho Azam na Simba wote walishinda 2-0, kwa hiyo hakuna kilichobadilika.

Mama Rukia: Mimi nawaambia kila mwaka, msisome msimamo wenye viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Yanga na Simba walifika robo fainali Afrika, Azam alitoka mapema, basi idadi ya mechi haikuwa sawa. Msihesabu pointi timu ilizopata, hesabuni ilizodondosha: mechi mara tatu, toa pointi zilizopo. Mfano, mwenye mechi 20 na pointi 47 kadondosha 13. Mwenye mechi 17 na pointi 41 kadondosha 10. Wa pili yuko pazuri ingawa yuko chini.

Juma: Ila kiporo sio pointi mama. Unaweza kwenda ugenini ukarudi mikono mitupu.

Mama Rukia: Ndiyo maana nikasema kudondosha, sikusema kushinda.

Neema: Na kushuka je? Jirani mmoja anabisha eti wa 13 yuko salama.

Mzee Shomari: Hayuko. Timu ni 16, mechi 30. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Msimu ule Geita Gold na Mtibwa. Wa 13 na wa 14 wanacheza wao kwa wao, nyumbani na ugenini. Mshindi anabaki. Aliyeshindwa hajashuka bado, anapewa mechi mbili nyingine na timu iliyotoka kwenye mchujo wa Championship, ligi ya daraja la chini yake. JKT Tanzania akamtoa Tabora United, Tabora akaenda kwa Biashara United akapona.

Juma: Yaani unafungwa na bado unabaki Ligi Kuu!

Neema: Na Coastal Union? Wa nne kwa pointi 43, mbali kabisa na watatu wa juu, halafu kapata Kombe la Shirikisho Afrika.

Mama Rukia: Wawili wa juu Ligi ya Mabingwa, wa tatu Shirikisho, na bingwa wa Kombe la TFF Shirikisho. Kombe kachukua Yanga, ambaye tiketi ya Mabingwa anayo tayari. Nafasi ikashuka kwenye msimamo hadi kwa wa nne. Wagosi, yaani hao Coastal, wakapanda ndege.

Neema: Kwa hiyo mwenye timu ya nne aishangilie Yanga fainali?

Mzee Shomari: Au Azam. Fainali ile ilikuwa Yanga na Azam, wote wawili walikuwa na tiketi, Coastal alishapita kabla mpira haujaanza.